Bi Gonga na Masomo Tisa Yaliyobaki

Sifa njema ni za Mola aliyetupa ulimi na masikio. Wasifu huu unasomwa hapa nyumbani, baada ya kutoka makaburini, na mdogo wake marehemu, fundi cherehani, ambaye nusu yenu mmevaa kazi ya mikono yake leo. Yupo mtu mwingine aliyejitolea kuusoma. Alikuja jana na wasifu wake mwenyewe, karatasi nzito za rangi, picha yake kubwa kuliko ya marehemu. Marehemu alikata roho saa nne asubuhi, na saa kumi jioni karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Mwenye akili ajiulize ziliandikwa lini. Bwana huyo aliambiwa ahsante, akae. Yuko mstari wa tatu, kanzu ya kijivu. Zamu yake itafika.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa mwashi, mama yake alifua mashuka ya hospitali. Tangu utotoni alikuwa mtu wa huruma na mtu wa kutosahau, na vyote viwili vilikaa kifuani mwake bila kugombana. Alipokuwa na miaka sita, binti wa jirani alimvunjia chungu chake cha kuchezea na kukana mchana kweupe. Marehemu aliviokota vigae akaviweka. Miaka kumi na sita baadaye, siku ya harusi ya yule binti, alimpelekea zawadi: chungu kikubwa chenye ufa, na ndani yake chungu kingine kizima. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamwagika, halafu akaomba radhi mbele ya wakwe. Mdogo wake marehemu anaomba mlikumbuke hilo, maana watu wengine hudhani mtu mpole hana kumbukumbu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana alisoma Qur'ani chuoni kwa shangazi yake, ambaye hakuwa akiona tangu utoto. Heri kufa macho kuliko kufa moyo: shangazi huyo aliihifadhi Qur'ani yote kwa sikio, na kwa sikio akaifundisha. Kwa kuwa hakuweza kuona nani anafuatilia na nani anachezea kucha, alibuni njia yake. Alisema, "Sasa natega," kisha akasoma kipande cha aya na kukikosea mahali pamoja kwa makusudi. Labda avute kidogo panapotaka kuvutwa sana, au herufi ya kooni ailegeze. Mtoto aliyelisikia kosa alitakiwa agonge ubao wake palepale. Asiyegonga alianza somo upya, hata kama nje wenzake wanacheza. Marehemu aligonga wa kwanza kila siku, wakamwita Bi Gonga, na jina likamganda hadi jana.

Tarehe 2 Mei 1976 shangazi alimpa ijaza, yaani idhini ya kufundisha wengine kama alivyofundishwa yeye. Alimpa na onyo moja. "Ukitega, useme umetega," alimwambia. "Usiposema, huo si ualimu tena, ni kupotosha watu." Marehemu alilitaja onyo hilo karibu kila wiki, mpaka sisi wa nyumbani tukawa tunalimalizia kabla yake.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa hospitalini kuwa opereta wa simu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya famasia, hakina dirisha, kina feni moja inayozunguka ikijisikia, na ubao wa simu wenye matundu sitini. Alikaa pale miaka ishirini na mitano, vipokea sauti kichwani, akiwajua madaktari kwa pumzi zao. Mwaka 1991 muuguzi mmoja wa wodi ya kifua, ambaye hakuwa na nafasi ya kwenda chuo chochote, alimwambia kwa utani, "Dada, si unifundishe huku huku kwenye waya?" Marehemu hakuujibu utani, alimwambia, "Kesho saa saba, tawadha kabisa." Wakasoma saa ya mapumziko, kwenye laini ya ndani, huyu akisoma, yule akigonga kwa kalamu. Baada ya miezi saba muuguzi alikuwa amemaliza juzuu nzima bila mwalimu kumwona uso.

Hospitali ilipoleta mitambo mipya mwaka 2003, marehemu alirudishwa nyumbani. Alitoka na vipokea sauti vyake vya zamani na maarifa ambayo hakuna aliyekuwa nayo hapa: alijua sauti inapotea wapi ikipita kwenye waya, na ulimi wa mwanafunzi usikilizwe vipi usipouona. Alianza na kanda za kaseti. Simu za kisasa zilipoingia akafungua darasa la ujumbe wa sauti. Aliwafundisha wake walioolewa mbali, mabinti wanaofanya kazi za nyumbani na hawaruhusiwi kutoka, madereva wa malori, mlinzi wa ghala aliyesoma akizunguka ua. Kila somo alilirekodi sebuleni mwake, na nyuma ya pazia mdogo wake akishona. Kila somo lilianza kwa salamu ileile: "Hapa ni darasa la Bi Gonga." Na kama lilikuwa na kosa la makusudi, aliongeza, "Leo natega. Likisikika, gonga."

Si wote waliofurahi. Mwaka 2012 kamati ya chuo cha hapa mtaani ilimwandikia barua yenye mihuri miwili kuwa Qur'ani haifundishwi kwa simu, kwa sababu simu mtu huingia nayo chooni. Marehemu alijibu kwa mstari mmoja: "Nanyi mnaingia chooni, na Qur'ani imo vifuani mwenu." Barua ya pili haikuja. Miaka miwili baadaye mwenyekiti wa kamati hiyohiyo alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kumwombea nafasi mjukuu wake aliyekuwa nchi za mbali. Marehemu alimkaribisha, akampa maji, akamwandika mwisho wa orodha. Mzee alisubiri miezi kumi na moja. Mwenyekiti yupo hapa, anacheka. Anajua ni kweli.

Tarehe 20 Oktoba 1979 marehemu aliolewa na fundi redio. Ilikuwa ndoa ya masikio mawili yaliyokutana. Wakigombana, marehemu alikuwa hasemi naye uso kwa uso, ila mume alikuwa amevuta waya wa simu kutoka chumbani hadi karakana yake ya uani, basi wakawa wanagombana kwa simu, na wakipatana kwa simu. Siku moja mdogo wake aliinua simu kimakosa akasikia, "Haya, njoo ule, lakini usidhani nimekusamehe." Walijaliwa binti mmoja. Mume alitangulia mbele ya haki tarehe 6 Februari 2011, na vipokea sauti alivyomtengenezea mkewe kwa mara ya mwisho ndivyo alivyovitumia hadi mwisho.

Sasa tufike kwa Bwana Programu. Jina hilo si tusi. Yeye mwenyewe alilipenda. Aliingia darasani mwaka 2014, kijana wa miaka ishirini na minne, mpole, anayebusu mkono. Marehemu alimwita mwanangu na kumlisha mezani kwake. Alijitolea kuhifadhi masomo kwenye kompyuta yasije yakapotea, masomo mia tatu na kumi na mawili, jasho la miaka. Mwaka 2017 aliaga, akasema amepata shughuli. Masomo yote alikwisha kuyaweka kwenye kompyuta, ila yeye mwenyewe hakuwa amejifunza hata nusu yake. Asante ya punda mnaijua.

Tarehe 19 Februari 2019, mama mmoja alimleta mwanawe kupimwa sare kwa mdogo wake marehemu. Mtoto alikuwa ameshika simu inayosoma Qur'ani, sauti nzito ya kiume.

"Nani huyo?" fundi aliuliza, akimzungushia utepe kifuani.

"Ustadhi wa ile programu mpya. Watoto elfu arobaini wanasoma kwake. Sauti mashallah!"

Fundi akausimamisha utepe. Chini ya sauti ile palikuwa na mlio mwingine, mlio wa cherehani lenye jino lililokatika, ambalo kila mwisho wa mshono huguna kama mzee anayeinuka kitini. Duniani liko moja tu cherehani lenye mguno ule, nalo lilikuwa palepale, nyuma ya mgongo wake.

Jioni hiyo marehemu alisikiliza bila kupepesa. Kikohozi chake kilikuwemo. "Haya mwanangu, ulimi juu" yake ilikuwemo. Mashine ilikuwa imeishusha sauti yake mpaka ikawa ya mwanamume, na juu yake likabandikwa jina la Bwana Programu. Marehemu alicheka. "Amenipa ndevu!" alisema. Halafu akafungua somo la pili, na la tatu, na kicheko kikakatika. Lilikuwa somo la mtego, na onyo halikuwemo. Yule bwana, ili kuficha jina la Bi Gonga, alikuwa amekata mwanzo wa kila somo, masomo yote mia tatu na kumi na mawili. Alikata salamu, akakata na onyo pamoja nayo, kwa sababu alikata bila kusikiliza, wala hakuwa akijua masomo ya mtego ni yapi. Mitego ishirini na saba ilikuwa inasomwa kama Qur'ani sahihi, na watoto elfu arobaini walikuwa wanairudia.

Marehemu aliisukuma simu mbali kama kaa la moto. Mdogo wake anashuhudia kuwa hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba wa mumewe. Kisha akaivuta tena, akampigia Bwana Programu.

"Mwanangu, umechukua masomo yangu."

"Mama, elimu ni ya Mwenyezi Mungu. Haina mwenyewe."

"Kweli kabisa. Elimu ni ya Mungu. Kikohozi ni changu, na cherehani ni la mdogo wangu."

"Watu hawataki kusomeshwa na sauti ya mwanamke, mama. Mimi nimekusaidia ifike mbali."

"Humo ndani mna mitego. Izime leo, njoo nikuonyeshe ilipo."

Bwana Programu alicheka kidogo, kile kicheko cha kumhurumia mtu. "Mama, pumzika sasa. Umri huo. Uzinduzi wetu ni mwezi ujao, karibu sana."

Mdogo wake alisema waende polisi. Marehemu alikataa. "Polisi watamfunga. Akifungwa atajifunza nini? Mimi nataka akae chini." Akasema atakwenda kwenye huo uzinduzi, maana amekaribishwa.

Ulifanyika Jumamosi, tarehe 23 Machi 2019, ukumbini, mbele ya wageni na makamera. Bwana Programu alipewa ngao. Mshereheshaji akamwomba awasomee watu kwa sauti yake mwenyewe, naye akachagua alichokijua zaidi, somo alilolisikiliza mara mia katika programu yake. Lilikuwa la mtego. Alipofika mahali pale, kutoka upande wa kina mama, alipoketi marehemu, ukasikika mlio mmoja wa kifundo cha kidole kwenye kiti: ko! Akasita, akarudia. Ko! Mara ya tatu mlio ulitoka nyuma, kwa mlinzi wa mlangoni. Mara ya nne ulitoka kwa mfagizi, na kwa muuguzi mstaafu, na kwa mabinti walioshika sinia. Mwanafunzi wa Bi Gonga hakai penye kosa akanyamaza. Vidole vyenyewe vinakwenda. Mwenyekiti wa kamati naye aligonga kwa mkongojo. Bwana Programu alisoma mara saba, na mara saba akaanguka palepale, kwa sababu hakujua kosa liko wapi. Mgeni rasmi alianza kutazama saa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na siku ile tulikiona kisima chenyewe.

Siku ya nne alikuja nyumbani na sanduku la zawadi. Sanduku lilibaki mlangoni. Alikuwa ameshapita kwa walimu wengine kuwaomba wamtafutie makosa, na kila mmoja alimjibu, nenda kwa mwenyewe. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anachotaka. Programu izimwe palepale, mbele yake. Ikazimwa. Yale masomo yasiyo na mtego yarudi baada ya kurudishiwa sauti yake ya kike na salamu yake mwanzoni. Yakarudi. Ama yale ishirini na saba, yatarudi moja moja, na kila moja litarudi siku ambayo yeye Bwana Programu atalisoma bila kosa, Jumamosi saa nane mchana, mkekani, pamoja na watoto wa miaka saba.

"Mama, mbele ya watoto?"

"Wao ndio uliowapotosha. Wao ndio watakaogonga."

Alikaa. Miaka mitano na nusu, suruali ya pasi imekunjwa, magoti yanalia, kibinti kisicho na meno ya mbele kimeketi ubavuni mwake kikimgongea bila huruma. Somo la sita peke yake lilimla miezi saba. Mara nyingine alitoweka wiki tano, sita, akarudi wazazi walipomsumbua kuhusu masomo yanayokosekana. Hakuulizwa alikuwa wapi. Aliambiwa tu, "Anza mwanzo." Mdogo wake marehemu alikuwa nyuma ya pazia akishona, na anakiri mbele yenu kuwa kila kibao kilichogongwa kilimpa raha, na bado kinampa.

Tarehe 11 Januari 2022 marehemu aligundulika na uvimbe wa koo. Alifanyiwa upasuaji mwezi Machi, na sauti ikaondoka haikurudi. Mtu aliyefundisha kwa koo miaka arobaini na sita alinyang'anywa koo. Mungu aliyempa kazi hiyo anajua hekima yake, ila sisi jambo hilo lilituuma na linatuuma. Hakuacha darasa hata wiki moja. Alisikiliza na kugonga. Jumamosi ya kwanza baada ya upasuaji, Bwana Programu alifikiri mwalimu bubu ni mwalimu aliyelala, akapita somo mbio mbio. Marehemu alichukua kijiko akagonga chuma cha kitanda mara moja, na jirani wa nyumba ya tatu akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi iliyopita, tarehe 7 Septemba 2024, Bwana Programu alifaulu somo la kumi na nane. Alipiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Mama, niwie radhi. Niambie umenisamehe." Marehemu alinyoosha mkono kando ya mto. Alichukua simu yake, akaandika neno moja, akamgeuzia aone, kisha akageukia ukutani. Simu hiyo iko mkononi mwa msomaji wa wasifu huu sasa hivi. Neno lenyewe ni: Tisa.

Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, marehemu alifariki dunia nyumbani, binti yake akiwa amemshika mkono. Kufika adhuhuri, simu za watu zilikuwa zimepokea tangazo la Bwana Programu kwamba marehemu alimsamehe, akampa ijaza na kumkabidhi darasa. Familia inawajulisheni kuwa hakuna ijaza, hakuna kukabidhiwa, na msamaha aliouombwa marehemu aliujibu kwa hesabu.

Marehemu ameacha binti mmoja, ambaye ni mkunga, wajukuu wanne, na mdogo wake. Ameacha wanafunzi elfu moja mia nne na sitini katika simu, na kumi na tisa mkekani. Wa kumi na tisa ndiye yule mmoja, aliyebakiwa na masomo tisa. Orodha ya masomo hayo marehemu aliiandika kwa mkono wake, na mdogo wake ameishonea ndani ya kitambaa. Ni kitambaa gani, hilo ni cherehani tu linalijua. Darasa litaendelea kila Jumamosi chini ya binti yake huyo mkunga, aliyepewa ijaza kweli, mbele ya mashahidi wawili, mwaka jana. Na kwa wanaouliza nani sasa atamsikiliza Bwana Programu: mdogo wake marehemu hakuhifadhi Qur'ani, lakini ameshona nyuma ya pazia lile tangu siku za kaseti, na sikio lake linajua pa kugonga. Marehemu alikuwa na subira kuliko yeye. Hilo nalo liandikwe.

Mola amrehemu Bi Gonga, ampanulie kaburi lake, ampe sauti nzuri kuliko ile aliyomtwalia, na ampumzishe na kazi aliyoifanya vizuri. Wasifu umekwisha. Bwana wa kanzu ya kijivu, simama uje huku mbele, umsomee mwalimu wako somo la kumi na tisa. Mkeka umeshatandikwa. Vua viatu.